Chai ya Kulimia

Majani ya chai yakiwekwa dukani karibu na debe la mafuta ya taa hushika harufu yake, na harufu hiyo haitoki hata ukiyachemsha mara mbili. Juzi niliuziwa majani ya namna hiyo. Wenzangu niliokuwa nao walionja, wakatema, wakamsema mwenye duka. Mimi nilimaliza kikombe changu. Kwa muda mrefu wa utoto wangu sikujua kwamba chai ina harufu nyingine, na nilidhani hiyo ndiyo harufu ya watu wenye mali.

Nilikuwa nakaa Sumbawanga mjini, Majengo, kwa mama mdogo Justina, mdogo wake mama yangu. Mumewe, ambaye nilimwita baba mdogo, alikuwa karani bomani. Walinichukua ili nisome. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu upande wa njia ya Kasesya, palikuwa na katekista wa kutufundisha sala, lakini shule haikuwapo. Wa rika langu wanakumbuka kwamba siku hizo msichana hakupelekwa shule hivi hivi. Wajomba waliulizwa, mashangazi waliulizwa, na kila mmoja alikuwa na neno. Baba yangu aliwasikiliza wote, halafu akasema, “Aende,” ikawa basi.

Kazi yangu mjini, ukiacha shule, ilikuwa kwenda dukani. Kila jioni mama mdogo aliniita mlangoni, akaniwekea senti kwenye kiganja, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake.

“Sukari ya senti kumi, majani ya chai ya senti tano, mafuta ya taa robo chupa. Rudia.”

Nilirudia.

“Na usirukeruke njiani. Mafuta yakimwagika, leo tutatazamana gizani kama bundi.”

Sukari ilifungwa katika karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nilikuwa naishika kwa mikono miwili. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa na vitu ambavyo sikuwahi kuviona: saa ya ukutani, pasi ya mkaa, sabuni ya kunukia iliyokaa ndani ya kasha na kutolewa wageni wakija tu. Baba mdogo alivaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi ndefu hadi magotini. Mwanzo wa mwezi tulikula mkate na maziwa ya kopo. Wiki ya pili mkate ulitoweka. Wiki ya tatu tulikunywa chai bila sukari, na akija mtu mama mdogo alisema, “Leo tumeipumzisha sukari.” Sisi Wakatoliki tunafunga Kwaresima mara moja kwa mwaka. Nilidhani makarani wanafunga kila mwezi, na nikawaheshimu zaidi kwa hilo.

Duka nililotumwa lilikuwa la Mzee Salum na mkewe Bi Zuhura. Waliishi nyuma ya duka pamoja na watoto wao na jamaa zao. Mzee Salum alikuwa na lori kuukuu lililoleta samaki wakavu kutoka Kabwe na kuondoka na nafaka. Bi Zuhura ndiye aliyekaa dukani. Karatasi iliyofungia bidhaa hakuitupa. Aliikunjua, akailaza, akaipitishia kiganja mpaka ikanyooka, akaiweka juu ya nyingine. Kamba za magunia alizifungua mafundo na kuzitia koponi. Watoto wake walivaa merikani yenye viraka, na viraka vyenyewe vilikuwa na viraka. Siku moja nilipita uani nikawaona wakila. Ilikuwa ugali na maharage kwenye sinia, kama kwetu kijijini. Na chai yao, kwa macho yangu nilimwona Bi Zuhura akiimimina, haikuwa na sukari, na mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza.

Niliwahurumia. Mama mdogo aliponipa andazi, nilimega nusu nikampelekea Mwanaidi, binti wao wa rika langu. Alilipokea, akalitazama.

“La nini?”

“Kula tu.”

“Nyie kwenu hamna njaa?”

“Sisi tuna sukari,” nilimwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka ule ule ghala lao la uani liliezekwa mabati mapya, na ndugu yake Mzee Salum akaja kutoka mbali kuendesha lori la pili. Niliyaona mabati na nikaliona lori, nikaendelea kuwahurumia. Kwangu tajiri alikuwa mtu anayemtuma mtoto dukani kila siku, na maskini alikuwa mtu ambaye hanunui kitu. Hesabu hiyo ilinionyesha pia kwamba hakuna maskini kuliko sisi wa nyumbani.

Kwetu tulinunua chumvi. Tulinunua jembe, la zamani likishalika na kubaki kama kijiko. Mama alinunuliwa kaniki, na baba alilipa kodi. Kingine chote kilitoka kwenye kihenge, na kihenge kilitoka shambani, na sikuona kwamba huko nako ni kutumia. Kila mwezi mtu wa kwetu aliyekuwa akienda mjini alipita kwa mama mdogo akiwa na gunia la unga wa ulezi na maharage. Alilitua kwenye kona ya jiko, akapewa maji, akaenda zake. Mama mdogo alisema, “Asante, wasalimie.” Nilidhani ni zawadi. Hata nilikuwa naona haya kidogo kwamba zawadi yetu ni ile ile kila mara.

Katikati ya masika shule ilifungwa wiki chache, nikarudi nyumbani. Nilimkuta baba amelala. Alikuwa amejikata mguu kwa shoka, kidonda kimevimba, na wanaume wanne walikuwa wanafunga kamba kwenye kitanda ili wambebe mpaka hospitali ya misheni. Shamba lilikuwa bado.

Kwetu Ufipa hatulimi ardhi ikabaki bapa. Nyasi hulazwa chini wakati mvua bado ipo, udongo ukageuzwa juu yake, yakawa matuta ya duara kila mahali kama vichwa vya watu waliokaa. Nyasi zinaoza mle ndani. Maharage yanapandwa juu, na mwaka unaofuata matuta yanatawanywa, ulezi ukapandwa kwenye udongo huo uliolishwa. Haya yote hufanyika udongo ukiwa laini. Mvua ikikatika, udongo unakuwa kama tofali na jembe linarudi na cheche. Mtu na mkewe hawawezi kulimaliza shamba peke yao, kwa hiyo mke anapika pombe ya ulezi, watu wanaitwa, na mtungi unawekwa upande wa pili wa shamba chini ya kivuli. Watu wanapanga mstari, wanalima kuuelekea mtungi.

Baba alimwita mama, nami nikawa nimesimama nimeshika fimbo yake.

“Ulezi wa pombe upo. Pika, ita watu, matuta yaishe mvua haijakatika.”

“Nimesikia.”

“Yasipoisha, huyu harudi mjini.”

Alinionyesha kwa kidevu, kisha wakamnyanyua. Nilidhani amesema hivyo ili mama afanye haraka, kama mtu anavyomtisha mtoto kwa fisi. Lakini maneno yaliniingia. Usiku sikuyafikiria matuta. Niliwaza dawati langu, na nani atakalia.

Siku mbili baadaye mama mdogo Justina alifika. Alikuwa amekwenda misheni kumwona baba, akapita kwetu amevaa viatu, ameshika mwavuli. Alimkuta mama anautoa ulezi ili auloweke uchipue.

“Dada, bado mnapika pombe ya kulimia?”

“Tulimie nini? Maji ya baraka?”

“Siku hizi watu wanakaribishwa kwa chai. Padri amelisema jambo hili la pombe Jumapili nzima.”

“Padri hana shamba.”

“Ana bustani.”

“Inalimwa na nani?”

“Wale wanaojiandaa kubatizwa.”

“Bure?”

“Kwa ajili ya Mungu, dada.”

“Mimi nikiwaita kwa ajili ya Mungu watakwenda kulima kwa Padri. Mimi nina ulezi.”

Mama mdogo hakukasirika. Alikaa juu ya kinu, akavua kiatu kimoja, akatoa kijiwe. “Sikiliza basi. Pombe itachukua siku ngapi? Kuchipua, kuanika, kusaga, kupika, kuchachuka. Mvua itakusubiri? Chai inachemka mara moja. Unaita watu leo, kesho wamelima.”

Hapo mama aliuacha ulezi. Alitazama juu, na kweli mawingu yalikuwa mepesi. Kisha akanigeukia.

“Wewe unayekaa huko. Watu wakija kwa mama yako mdogo wanapewa nini?”

“Chai.”

“Wote?”

“Wote. Hata karani mkubwa.”

“Wanaridhika?”

“Wanashukuru sana,” nilisema. “Wengine wanasema hawajawahi kunywa chai kama ile.”

Sikuwa mtoto wa maneno mengi. Mbele ya watu wazima nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Pengine ndiyo sababu mama aliyapokea maneno yale kama ushahidi. Nisingefungua kinywa bure. Na nilisema kweli tupu. Sikukumbuka tu kwamba kati ya wale wageni hakuna aliyewahi kuja na jembe.

Ulezi ulikwenda mjini vichwani mwetu. Mzee Salum aliingiza mkono kwenye gunia, akaunusa, akataja bei. Bi Zuhura alimtazama mama.

“Huu si wa pombe?”

“Ulikuwa.”

“Na kulima?”

“Tutalimia chai.”

Bi Zuhura aliutazama tena ulezi. “Haya,” akasema, akashuka kwenye kiti chake kutuletea tulichotaka: birika, vikombe sita vya bati vyenye ukingo wa buluu, sukari, majani ya chai, unga wa ngano wa maandazi. Alifunga kila kitu vizuri kuliko siku nyingine. Tulirudi na mizigo myepesi, mama akitembea haraka mbele yangu. Vikombe vingine tuliazima kwa katekista.

Siku yenyewe nilipewa usimamizi, maana mimi ndiye niliyejua mambo ya mjini. Niliamka alfajiri nikafagia uwanja. Nilitandika mikeka yote, na juu yake khanga aliyotuachia mama mdogo. Nilipanga vikombe mistari miwili, vishikio vikiangalia upande mmoja. Kwa mama mdogo mgeni hakaribishwi maji baridi akasubiri. Akifika tu, chai iko mbele yake. Kwa hiyo birika lilikuwa linatoa mvuke watu walipoanza kuonekana njiani.

Walikuja wamevaa nguo za shamba, majembe mabegani, wanasukumana na kutaniana. Walipofika uwanjani wakanyamaza. Wa mbele alikuwa Mzee Anzelmo, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alitazama mikeka, akatazama vikombe, akalishusha jembe taratibu na kulilaza chini.

“Nani amekufa?”

“Hakuna, baba,” mama alijibu. “Karibuni chai.”

“Chai ya nani?”

“Yenu.”

“Yetu sisi? Hivi tulivyo?” Aliangalia miguu yake, ambayo ilikuwa na tope la jana hadi magotini. “Mama, nami nimekuja na magoti haya! Ngojeni.” Akageuka akaenda kwake. Alirudi jua limepanda, amenawa, amevaa koti alilonunua alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge.

Wengine walimfuata. Wanawake walishuka kijitoni kunawa. Mama Kalista, rafiki wa mama tangu usichana, alisimama ukingoni mwa mkeka akikataa kukanyaga khanga.

“Mwenzangu, ungetuambia tukaoga. Unatuaibisha.”

“Kaa tu, Mama Kalista.”

“Nikae na kaniki hii? Nikikichafua kitambaa cha karani nitalipa na nini?”

Mwishowe walikaa, magoti yamekunjwa kwa adabu, majembe yote yameegemezwa kwenye ua. Mimi nilimimina. Nilitia sukari kama nilivyoona wageni wakubwa wakitiliwa. Walipokea kwa mikono miwili. Walikunywa polepole, bila sauti, wakamega maandazi vipande vidogo ili yasiishe. Wakazungumza maneno ya wageni: habari za mguu wa baba, habari za kodi, nani amekwenda mkonge na nani hajarudi. Mtoto mmoja alinyoosha mkono kuongeza andazi, akapigwa kibao. Nilifurahi sana. Ilikuwa kama kwa mama mdogo kabisa.

Mama hakuwa anafurahi. Alikuwa anaangalia jua. Lilipofika juu ya mti wa jirani, aliinuka kimya, akachukua jembe lake na kuelekea shambani, akitumaini watamfuata. Mama Kalista alimkimbilia akamnyang'anya.

“Wewe! Mwenye wageni analima? Watu watasema nini?”

“Ni matuta tu, Mama Kalista. Machache.”

“Keti. Umetukaribisha, nasi tukuache ulime mbele ya macho yetu?”

Akaketi. Angeweza kuwaambia wazi, lakini kwetu mwenye nyumba hamwambii mgeni aliyekwisha kula, “Haya, sasa kazi.” Bora afe. Na watu wale hawakuwa na hila. Wangeuona mtungi kule kivulini wangelima hadi jasho liwatoke masikioni. Waliuona mkeka. Aliyewekwa mkekani akapewa kikombe ni mgeni, na mgeni huzungumza, hushukuru, huaga.

Jua la saa sita Mzee Anzelmo aliinuka. Wote wakainuka naye, wakachuchumaa, wakapiga makofi yale ya kwetu ya polepole, viganja vimekunjwa, kumshukuru mama. Wakachukua majembe yao. Vijana wawili waliona aibu, wakageuza udongo kidogo karibu na ua, matuta machache, wakasema wanajinyoosha mgongo. Kisha nao wakaaga.

Uwanja ulibaki na mikeka na vikombe. Mama alikaa hapo hapo.

“Mjini wageni huwa wanaondoka saa ngapi?” aliniuliza.

“Hivi hivi,” nilisema.

Angeita tena. Lakini ulezi wa pombe haukuwapo, na jambo jingine ambalo hatukuliwazia lilianza. Wale watu walikuwa wamekaribishwa kwa heshima kubwa, na heshima haiachwi ilale. Kesho yake Mama Kalista alimtuma mtoto kumwita mama: njoo ule. Amechinja kuku. Siku iliyofuata ikawa zamu ya Mzee Anzelmo, na mkewe naye alichinja. Mama hakuweza kukataa nyumba moja akaenda nyingine. Tulilima mimi na yeye tangu alfajiri, na jua likitoka tu mtoto wa mtu alikuwa amesimama mwisho wa shamba: “Mama anasema chakula kiko tayari.” Mama alinawa, akaenda, akakaa mkekani, akala kuku huku akisikiliza upepo. Mwaka huo katika kijiji chetu hakuna aliyekula nyama kama sisi. Wakampa mama jina, Mama Birika, na walilitamka kwa upole.

Mvua ikakatika. Ilinyesha jioni moja kama kawaida, na baada ya hapo haikurudi. Tulikuwa tumefika chini ya theluthi ya shamba.

Baba alirudi na mkongojo. Kabla ya kuingia ndani alizunguka nyumba, akasimama akatazama. Tulikuwa nyuma yake.

“Walikunywa nini?”

“Chai,” mama alisema.

“Wakati gani?”

“Walipofika.”

“Nani aliwapa walipofika?”

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

“Mimi,” mama alisema.

Baba alitikisa kichwa. Alikuwa karibu kucheka, nadhani, lakini mguu ulimuuma. “Mtu akishakaa mkekani utamwondoa kwa nini? Kwa moto?” Akaingia ndani akalala.

Kuhusu mimi hakusema kitu mpaka mama mdogo alipokuja kunichukua, shule zikiwa zinakaribia kufunguliwa. Alikaa kwenye kigoda, mwavuli umelala miguuni pake. Baba alimwambia kwamba sitakwenda. Mama mdogo alilia. Alijua sehemu yake katika jambo lile na hakuificha.

“Shemeji, kosa ni langu. Usimwadhibu mtoto.”

“Simwadhibu.”

“Nitamvisha mimi. Madaftari nitanunua mimi. Hata viatu.”

“Najua. Atakula nini?”

“Tutakula wote, shemeji.”

“Mtakula nini wote, Justina?”

Macho ya mama mdogo yalikwenda kwenye kihenge, nami nikayafuata. Shamba la ulezi wa mwaka unaofuata halikuwapo. Uliobaki mle ndani ulipaswa kulisha nyumba yetu mpaka sijui lini. Hapakuwa na gunia la kupeleka mjini.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama hapo, ule ugali niliokula Majengo kila usiku baada ya chai ulitoka wapi. Mshahara wa karani ulikwenda kwenye vitu ambavyo karani hawezi kuonekana bila kuwa navyo: soksi, pasi, sukari ya wageni, mafuta ya taa ili majirani waone dirisha lina mwanga. Tumbo lake lilibebwa na shamba la shemeji yake. Sisi tulionunua chumvi tu tulikuwa tunalisha nyumba mbili. Simsemi vibaya baba mdogo. Angevaa kaniki bomani wangemfukuza. Na miaka hii nimeona jinsi mambo yanavyogeuka, hata kijijini kwetu sasa mtu anauza ulezi ili anunue sukari, na akija mgeni bila chai ndani ya nyumba mwenye nyumba anainamisha kichwa. Bi Zuhura hakuhitaji mtu amwone. Walichopata waliezekea ghala, na ghala likawapa kingine. Kila nyumba ilikuwa na sababu zake za kutumia, na mimi katika utoto wangu niliziona karatasi tu zilizofungiwa vitu.

Nilirudi mjini mara moja tu, nimefuatana na mama mdogo, kuchukua nguo zangu na kibao changu cha kuandikia. Nilipokuwa naondoka nilipita dukani kuaga. Shule zilikuwa zimekwisha funguliwa, na Mwanaidi alikuwa huko. Bi Zuhura alikuwa peke yake, ananyoosha karatasi.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Nasikia wanakurudisha kijijini.”

Nilitikisa kichwa kukubali.

“Kwa ajili ya chakula?”

Nikakubali tena.

Aliendelea na karatasi yake. “Nyumba hii tuko kumi na mmoja, tunakula sinia mbili. Wa kumi na mbili haonekani. Utalala na Mwanaidi. Shule utakwenda, jioni utanisaidia kufunga chumvi. Baba yako nitampelekea maneno kwa dereva, na dini yako hakuna atakayeigusa.” Akainua macho. “Unataka?”

Nilitaka. Hakuna kitu nilichowahi kukitaka kama kile, na nilijua kwamba baba asingekataa. Alikuwa ametafuta chakula, na hiki kilikuwa chakula. Lakini kwetu mtoto akiulizwa jambo kubwa na mtu mzima hajibu mara ya kwanza. Anayerukia ni mwenye tamaa. Unatazama chini, unakaa kimya, na mtu mzima anajua maana yake. Anauliza tena, na mara ya pili ndipo unaposema ndiyo kwa sauti ndogo. Sikujifunza hivyo kwa kuambiwa. Kila mtu niliyemjua alifanya hivyo.

Nilitazama chini. Niliviona vidole vyangu vya miguu na vumbi la sakafu ya duka. Nikamngoja aniulize tena.

Bi Zuhura alingoja kidogo, muda ambao mtu wa dukani anaweza kumngoja mtu. Akaingia mwanamke akataka chumvi ya senti tano. Bi Zuhura akampimia, akamfungia, akapokea senti, akazitia kwenye droo. Alipogeuka aliniona bado nimesimama hapo.

“Basi, hapana neno,” alisema kwa upole. “Usione haya, mwanangu. Wasalimie nyumbani.”

“Zimefika,” nilisema, nikapiga goti kwa adabu zote, nikatoka.